UPEPO, BAHARI NA SHAMBA LAKO: Maelezo kwa Wakulima wa Unguja, Pemba na Mafia

Mkulima wa kisiwani, apende asipende, hulima pamoja na bahari. Hata yule mwenye mikarafuu juu ya kilima cha Pemba, ambaye hatii mguu majini mwaka mzima, mvua yake hutoka baharini, jua lake la kuanikia hufunikwa na mawingu ya baharini, na upepo unaovunja matawi ya mikarafuu yake ni ule ule unaozuia jahazi lisitoke bandarini. Kwa hiyo si mabaharia peke yao wanaopaswa kujua habari za kusi na kaskazi.

Siku hizi wakulima wengi husikia redioni, au hupata kwa simu, angalizo la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Mara nyingi angalizo hilo husema ya kwamba ukanda wa pwani, pamoja na visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia, utapata upepo unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofika mita 2. Tangazo hilo yafaa lifuatwe. Lakini ni tangazo moja kwa pwani nyingi. Upepo ule ule, siku ile ile, huweza kung'oa vigingi vya mwani mashariki ya Unguja, na huku upande wa pili wa kisiwa, mwendo wa saa moja kwa gari, maji yametulia na watoto wanaogelea. Mkulima anayejua upande wake atajua tangazo lina maana gani kwake. Asiyejua atafanya moja katika mawili: atakimbia bure, au atakaa bure.

PEPO ZETU HUTOKA WAPI

Kila mtu ameona jinsi moto wa jikoni unavyopandisha hewa ya moto juu kwenye paa, na hewa ya baridi ikaingia chini kwa mlangoni kujaza pahala pake. Pepo za misimu hufanya vivyo hivyo, ila jiko lake ni bara zima. Kuanzia Mei hadi Septemba jua huwa upande wa kaskazini wa Ikweta, na nchi za Uarabuni na Bara Hindi hupata moto sana. Hewa ya huko hupanda juu, na hewa ya baharini kutoka kusini huvutwa kwenda kujaza. Huo ndio upepo wa kusi. Kuanzia Desemba hadi Machi mambo hugeuka: Asia hupoa, jiko huhamia kusini, na upepo hutujia kutoka kaskazini na mashariki. Huo ni kaskazi.

Pepo hizi mbili si sawa kwa nguvu. Kusi hutoka katika bahari kubwa iliyo wazi upande wa kusini na mashariki, ambako hakuna nchi ya kuizuia. Wimbi hukua kwa mambo matatu: nguvu ya upepo, muda ambao upepo umevuma, na urefu wa maji ambayo upepo umepita juu yake. Kusi ina yote matatu. Ndiyo sababu miezi ya Juni, Julai na Agosti mawimbi ni makubwa hata siku ambayo upepo wa hapa umepungua, kwa kuwa mengine yametoka mbali, katika dhoruba za kusini ambazo sisi hatuzioni wala hatuzisikii. Kaskazi kwa kawaida ni pole zaidi, nayo huleta joto na ukavu.

Katikati ya pepo hizi kuna vipindi viwili ambapo upepo hauna msimamo. Ndivyo vipindi vya mvua kubwa: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Wazee huhesabu siku zote hizi kwa miongo, kumi baada ya kumi, tangu siku ya mwaka, ambayo watu wa Makunduchi wangali wanaiadhimisha kila Julai. Hesabu hiyo ni nzuri na sisemi iachwe. Ila yafaa mkulima aisikilize pamoja na utabiri wa msimu, kwa sababu iko miaka ambayo maji ya bahari upande wetu huwa na joto kuliko kawaida, na vuli ikazidi kiasi, kama ilivyokuwa mwaka 1997 na tena mwaka 2019. Mwongo hauwezi kuonyesha jambo hilo.

KILA KISIWA NA PANDE ZAKE

Unguja imelala karibu na bara, na mkondo uliopo katikati haufiki kilomita 40 mahali pembamba. Upepo ukipita hapo haupati nafasi ya kukuza wimbi kubwa, ndiyo maana pwani ya magharibi hutulia. Upande wa mashariki, tangu Matemwe hadi Makunduchi, hakuna kitu mbele ila mwamba, na baada ya mwamba bahari kuu. Ghuba ya Chwaka imejificha ndani kidogo na ina mikoko, kwa hiyo maji yake ni tofauti na ya jirani zake. Kizimkazi, ncha ya kusini, hupigwa na kusi. Nungwi, ncha ya kaskazini, hupigwa na kaskazi.

Pemba imezungukwa na maji ya kina kirefu sana, hata mkondo wake wa upande wa bara ni wa kina cha mamia ya mita. Lakini pwani yake ya magharibi ina ghuba, vijito na visiwa vidogo vingi, na maji ya ndani ya ghuba hizo hutulia karibu mwaka wote. Mashariki, na hasa Micheweni na rasi ya Kiuyu, ni nchi ya mawe na upepo. Mvua za Pemba huzidi za Unguja, na vilima vya magharibi na mabonde yake ndiyo makao ya mikarafuu na mpunga.

Mafia iko kusini zaidi, karibu na mlango wa mto Rufiji. Upande wa mashariki hupigwa na kusi sana. Kilindoni, upande wa magharibi, hupata nafuu. Wakulima wa minazi wa Mafia wanajua wenyewe jinsi minazi ya mashariki ilivyoinama.

MWAMBA, WIMBI NA MAJI KUJAA

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa maana ndipo penye hasara nyingi, hasa kwa akina mama wanaolima mwani.

Wimbi likitoka kwenye kina na kufika pahala pafupi, huinuka na kuvunjika. Wimbi la mita 2 huvunjika likifika penye maji ya mita 2 na nusu hivi. Mwamba wetu wa nje ndio ukuta unaovunja mawimbi hayo. Maji yakipwa, mwamba hutokeza, wimbi lote hufia nje kwa kishindo na povu jeupe, na ndani ya mwamba maji hutulia kama ya kisimani. Maji yakijaa, ukuta umezama. Katika bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kupwa na maji kujaa hufika mita 4. Wakati huo sehemu kubwa ya wimbi hupita juu ya mwamba bila kuvunjika, nayo huingia mpaka ndani.

Sasa angalia saa. Katika visiwa vyetu maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Huo ndio wakati mkulima wa mwani anapokwenda shambani kwake, akaona maji yametulia, akafunga mbegu, akarudi. Maji hayo hayo hujaa kabisa mnamo saa kumi au saa kumi na moja alasiri. Alasiri ndipo nchi inapokuwa imepata moto, na upepo wa baharini ukaongezeka juu ya kusi. Basi maji mengi kuliko yote na upepo mkali kuliko wote hukutana saa moja, na saa hiyo mwenye shamba yuko nyumbani anapika. Shamba la mwani huharibika wakati mwenyewe halioni.

Jambo hili nililijua kwa kosa langu. Mwaka mmoja nilipokuwa kijana kazini niliwachagulia akina mama wa kijiji kimoja cha mashariki pahala pa kulima. Ilikuwa mwezi wa Aprili, maji yamepwa, pahala pazuri, mchanga mtupu, karibu na mlango wa mwamba ili mwani upate maji mapya. Bi mkubwa mmoja alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu bwana shamba, mchanga huu umekunjamana. Maji hayakai hapa." Mimi nilikuwa na diploma yangu, nilimjibu kwa adabu na sikumfuata. Mwezi wa Juni, katika bamvua moja, kamba zaidi ya nusu zilikutwa zimejisokota ufukweni pamoja na majani ya bahari. Mbegu nyingi zilikuwa za kuazima. Tangu siku hiyo sichagui pahala kabla ya kutazama mchanga, wala sichagui pasipo mwenyeji.

Alama alizozijua yule bi mkubwa ni hizi. Mchanga wenye mikunjo mirefu na mikali huonyesha kuwa maji hupita kwa nguvu. Mchanga laini uliochanganyika na tope huonyesha kuwa maji husimama. Mwani wa hapo utashika uchafu na kupata joto. Pahala pa kufaa ni katikati ya hayo: mchanga wenye mikunjo midogo, na majani machache ya bahari yaliyoota bila kung'oka. Tena piga vigingi vichache tu kwanza, funga mbegu kidogo, uache bamvua mbili zipite, halafu ndipo uhamie na shamba zima. Kazi hiyo ni ya mwezi mmoja, na haina gharama ya kusema.

MWANI KATIKA KUSI NA KATIKA KASKAZI

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, na leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hutoka Pemba. Mwani hukua vizuri maji yakitembea, kwa kuwa maji yanayotembea ndiyo yanayouletea chakula na kuupoza. Kwa hiyo kusi si adui. Wakati wa kusi maji ni baridi na mwani huwa na afya. Shida yake ni nguvu tu. Piga vigingi virefu zaidi, vizame zaidi mchangani, na elekeza kamba zifuate njia ya maji badala ya kuikinga. Kamba inayokinga maji hubeba mzigo wote. Kamba inayofuata maji huyaacha yapite.

Kaskazi ni kinyume chake. Bahari imetulia, kazi ni nyepesi, na mtu hudhani msimu ni mwema. Lakini maji ya ndani ya mwamba yakipwa mchana katika Januari au Februari hupata joto linalozidi digrii 33, na mwani huanza kuwa mweupe kwenye viungo, ukalainika na kukatika. Ugonjwa huo huanza pale mwani unapodhoofishwa na joto, au na maji ya mvua yaliyopunguza chumvi, kisha vijidudu humalizia. Kotonii huuhisi mapema kuliko spinosamu, na ndiyo sababu vijiji vingi vilivyokuwa vikilima kotonii katika maji mafupi vimeiacha, ingawa bei yake ni nzuri. Anayeitaka kotonii hana budi kuipeleka kwenye maji ya kina, kwa kamba za kuelea, na hapo atahitaji chombo na watu wanaojua kuogelea. Mwenye spinosamu katika maji mafupi, akiona weupe, avune mara moja kilichosalia kizima hata kama siku 45 hazijatimia, na mbegu azipeleke palipo na kina.

Mwani uliovunwa usiuanike mchangani. Weka juu ya kichanja au wavu, ambapo upepo hupita chini na juu. Ukinyeshewa mvua baada ya kuanza kukauka, chumvi yake huondoka na rangi hupotea, na mnunuzi atauona kabla hujamwambia.

KARAFUU NA MANYUNYU YA KUSI

Uchumaji wa karafuu huanza katika msimu wa kusi, mnamo Julai, na mwingine huendelea katika vuli hata Januari. Wa vuli una hatari inayojulikana na wote, nayo ni mvua. Wa kusi una hatari ya kuvizia. Upepo wa kusi huleta manyunyu mafupi ya mchoo, na aghalabu huja alfajiri na asubuhi mapema, wingu dogo moja, dakika kumi, kisha jua likatoka kana kwamba hapakuwa na kitu. Dakika kumi hizo zinatosha. Karafuu iliyoloa na kurundikwa hupata joto ndani kwa ndani, huvunda, ikageuka kuwa nyeupenyeupe na nyepesi. Hiyo ndiyo mpeta, na daraja lake mnalijua.

Anayeanika ajue upande ambao mawingu yake hutokea. Katika miezi ya kusi tazama kusini na mashariki. Ukiona ukingo wa mbingu umekuwa mweusi na upepo umetulia ghafula, una muda wa kukunja majamvi tu, si wa kumalizia kuchambua makonyo. Usiku karafuu ziingie ndani, lakini zitandazwe, zisirundikwe. Mwenye sakafu ya saruji aijenge na mteremko kidogo ili maji yasisimame. Kwa jua zuri karafuu hukauka kwa siku nne au tano. Ikivunjika kwa sauti kavu kati ya vidole, imekauka.

MAJI YA CHUMVI

Mashamba ya mpunga yaliyo kandokando ya mikoko, hasa Pemba, yana adui wake mahususi. Bamvua zilizo kubwa kuliko zote hutokea karibu na Machi na Septemba. Za Machi ndizo mbaya zaidi, kwa sababu ndipo mkulima anapotayarisha bonde kwa mvua za masika. Maji ya bahari yakiingia mara moja tu, mpunga mchanga hufa, na chumvi hukaa mpaka mvua nyingi iioshe. Matuta ya kuzuia maji yatengenezwe Januari na Februari wakati udongo ni mkavu. Wala mikoko iliyo mbele ya tuta isikatwe. Nimeona watu wakikata mikoko kwa kuni, kisha wakaomba msaada wa kujengewa ukuta.

Upande wa uwanda chumvi haiji kwa maji, huja kwa upepo. Mawimbi yakivunjika mwambani, matone madogo hurushwa hewani na kuchukuliwa ndani ya nchi. Majani ya mpapai na mgomba huungua ukingoni, upande mmoja tu, ule unaotazama bahari. Dawa yake ni miti. Acheni kichaka cha asili cha pwani, au pandeni safu mbili za mivinje. Safu ya miti hupunguza upepo mpaka umbali wa kama mara kumi ya urefu wake: mivinje ya mita 12 itakinga karibu mita 120 za shamba, ingawa nafuu hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Isiwe mnene kama ukuta. Ukuta hurusha upepo juu, nao huanguka nyuma yake kwa nguvu. Miti inayopitisha upepo kidogo huuchosha. Nyuma yake muhogo, mbaazi na kunde vitastahimili vizuri.

KIMBUNGA

Wengi huamini kuwa kimbunga hakiji visiwani kwetu. Kweli ni nadra, maana karibu na Ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuuviringisha upepo hata ukawa kimbunga. Nadra, lakini tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilinusurika karibu yote, na hiyo ni sababu mojawapo ya Pemba kuwa ndiyo nchi ya karafuu hadi leo, kwa kuwa mkarafuu uliopandwa upya huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa. Mwaka 1952 kimbunga kilipiga pwani ya Lindi. Na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia.

Tazama miezi: Aprili, Mei. Ni mwisho wa kaskazi na mwanzo wa kusi, wakati bahari bado ina joto. Wakati huo angalizo lisichukuliwe kama yale ya Julai. Mwenye mikarafuu hawezi kuihamisha, lakini anaweza kukata matawi makavu na yaliyolemaa mapema, na kuondoa karafuu zilizohifadhiwa katika banda lenye paa bovu. Mwenye mwani, kama ana siku mbili, avune kila kilichofikia kuvunwa, alegeze kamba upande mmoja na kuzilaza chini karibu na mchanga, na mbegu bora azichukue katika wavu mpaka kwenye ghuba iliyofunikwa, azifunge chini, mahali ambapo maji hayapungui hata bamvua ikipwa. Mbegu za kijiji kizima zikiwekwa pamoja hivyo, ulinzi ni wa watu wawili tu. Na chombo kisitumwe kwenda kuzitazama mpaka angalizo litakapoondolewa.